Injini Aliyoiona Elinipa

Elinipa alikuwa na miaka kumi na minne kwenye kazi ya kutoa mizigo alipoanza kumwonea wivu Anifa. Haikuwa tangu mwanzo. Mwanzoni alimfundisha yeye mwenyewe, katika ofisi yao ndogo ya uwakala wa forodha pale Mlandizi: namna ya kusoma ankara, kujua bidhaa ipi inatozwa ushuru gani, na kuandaa kadhia, yaani tamko la mzigo linalopelekwa forodha.

"Ukishaweka jina lako pale," alimwambia, "kosa la mteja linakuwa lako."

Anifa alikuwa binti wa Kibuta, mcheshi, asiyesahau jina la mtu. Mwaka haujaisha, wateja walianza kuipita meza ya Elinipa wakiuliza, "Anifa yupo?" Wengine ni wale ambao Elinipa mwenyewe aliwahangaikia kwa miaka. Akirudi nyumbani Misugusugu, habari kwa mumewe Fabian zilikuwa hizo hizo: Anifa kacheka, Anifa kaletewa korosho.

"Huyo binti tunakula naye kabisa hapa mezani," Fabian alimwambia siku moja. Elinipa akanuna hadi kesho yake.

Kikaja kikundi cha wakulima wa muhogo kutoka Vihingo, kiongozi wao Mzee Pazi. Walikuwa wameagiza mashine mbili za kuchakata muhogo kutoka China, na walimtaka Anifa. Anifa akaandaa kadhia, na kabla ya kuituma akamletea mwalimu wake.

"Dada, naomba unipitishie macho."

Ankara ilitaja mashine mbili. Orodha ya vilivyofungwa ndani ya kontena ilitaja mashine mbili na, mstari wa mwisho kabisa, injini moja ya dizeli. Kwenye kadhia injini haikuwamo. Kidole cha Elinipa kilisimama juu ya mstari ule kwa muda.

"Iko sawa," alisema.

Kontena likachaguliwa kufunguliwa. Wakaguzi wakaikuta injini, mzigo ukazuiwa, maelezo yakatakiwa. Zikapita wiki tatu. Huko Vihingo muhogo uliokwisha kung'olewa ukaoza. Elinipa alingoja kwa hamu siku ambayo wakulima watakuja kumfokea Anifa. Lakini Anifa aliwafuata mwenyewe.

"Shikamooni wazee. Kosa ni langu, sikusoma hadi mwisho."

Mzee Pazi akaja naye ofisini, akatamka mbele ya watu wote kwamba mizigo ya kikundi, siku zote, itatolewa na binti huyu.

Hilo lilimchoma Elinipa kuliko yote yaliyotangulia. Mzee alipoondoka, alijikuta amesimama mbele ya meza ya Anifa.

"Ile injini niliiona."

"Lini?"

"Siku uliyoniletea."

Anifa aliweka kalamu chini. "Nilikukosea nini, dada?"

"Kila mtu anakuulizia wewe," Elinipa alisema, na alipoyasikia maneno yake mwenyewe akaona aibu, maana yalikuwa kama ya mtoto.

Anifa hakumshitaki kwa bosi. Ila kuanzia siku ile makaratasi yake aliyapeleka kwa Yassin, wa chumba cha pili, ayahakiki.

Mashine zilipofika na kufungwa, kikundi kiliwaalika wote Vihingo kula na kuona unga wa kwanza. Elinipa alisema atabaki kulinda ofisi. Hakuna aliyembembeleza.