Ukuta wa Nta

Injinia wa nyumba ya mfano hapa Londiani hasalimii mtu kabla ya kusalimia ukuta. Anauwekea kiganja, anafumba macho, kisha anatueleza, kwa sauti ya daktari anayeficha habari mbaya, kwamba ndani yake kuna nta: mchana inayeyuka kwa jua na kuweka joto, jioni inaganda na kulitoa. "Ipeni muda tu," anasema kila asubuhi, akifunga zipu ya jaketi la pili. Ni Julai. Jua hatujaliona tangu wiki jana, na nta ni ngumu kama sabuni ya kipande.

Jumanne walikuja wakubwa kuamua kama nyumba zetu zote zijengwe hivyo. Walipoanza kutetemeka kwa baridi, injinia akatoweka. Mama Rodah, jirani, alimkuta jikoni kwake nyuma ya mafiga yenye moto, mgongo ukutani, kiganja ukutani, macho yamefumbwa.

"Mama, hii ukuta mmeweka nini ndani?"

"Ni matope na mavi ya ng'ombe."

Akatoa daftari, akaandika yote mawili.

"Na inayeyuka saa ngapi?"