Walijadili Kura za Hillbrow Chini ya Picha ya Mume Wangu

Admin, naomba unifiche. Mimi ni mjane wa miaka arobaini na sita, Mkenya, naishi Kensington hapa Joburg na binti yangu. Mume wangu tulimzika nyumbani Kenya miezi michache iliyopita. Alikuwa mtu wa kufunga kamba za viatu ameketi ukingoni mwa bafu, akinisimulia habari za ofisini kana kwamba nimemuuliza.

Mwaka jana aligombea uenyekiti wa chama chetu cha Wakenya. Mtaa wetu wa Kensington tulikuwa naye, mtaa wa Doornfontein walikuwa na mpinzani wake, na mtaa wa Hillbrow huwa hawatabiriki, ndio huamua. Akashindwa Hillbrow.

Sasa sikilizeni. Wakati wa matanga hapa Joburg kamati yake ya kampeni ilijaa sebuleni kwangu. Wakiwa na chai yangu mkononi na picha yake juu ya vichwa vyao, wakaanza.

"Tukubali tu, tungemsimamisha wakili wetu huyu hapa, Hillbrow ingekuwa yetu," katibu akasema.

"Jamaa alikuwa mpole mno," mwingine akadakia. "Ule msiba wa mlinzi kule Hillbrow, si kipaza sauti kilikuwa pale bure, aombe kura? Yeye yuko jikoni anaosha vikombe!"

"Mgombea wa vikombe!"

Wakacheka, watu wazima na tai zao. Wakili mwenyewe akatabasamu, akaomba sukari.

Ni kweli aliosha. Lifti ilikuwa imekufa, akapanda ngazi na sufuria yangu ya chapati, akamkuta mama wa marehemu akihudumia wageni peke yake. Alirudi mikono ya shati imelowa. Nilipomuuliza kama aliomba kura, alinitazama kama nimemtukana.

Lakini si vikombe vilivyomwangusha. Kamati hiyo hiyo, iliyoachiwa na chama kupanga siku, iliamua kura zipigwe Jumamosi jioni, huku Kensington. Watu wa Hillbrow wengi ni walinzi na wasusi. Saa hizo wako kazini. Waliofika ni wachache ambao mpinzani aliwakodia teksi. Mume wangu alikuwa amewaonya hapa hapa kwangu: "Wekeni Jumapili baada ya ibada, kule kwao." Katibu akamjibu, "Mzee, na nyama choma tutakula saa ngapi?" Hata wangemsimamisha malaika, angeanguka.

Sasa mwenyekiti aliyemshinda amehamia Cape Town na uchaguzi unarudiwa. Katibu amekuja tena, mpole kama kondoo. "Mama Neema, safari hii mgombea wetu ni wakili. Siku ya ukumbusho wa mzee tunaouandaa, simama naye, umvalishe koti la marehemu. Hillbrow wanakuonea huruma sana."

Koti lile bado lina peremende mfukoni, alizokuwa akimletea Neema.

Nikikataa, anasema, kamati itajitoa kwenye ukumbusho. Na mama mkwe anasafiri kutoka Kakamega kwa siku hiyo. Akute ukumbi mtupu, aamini mwanawe hakuwa na watu?

Nilimuuliza katibu swali moja tu: kura ni lini?

"Jumamosi jioni, mama. Safari hii tumeagiza mbuzi!"

Ndugu zangu, niambieni. Nimvalishe wakili koti? Au nibebe sufuria yangu, nimshike mama mkwe mkono, tukamkumbuke Hillbrow, nikijua hapa Kensington hakuna atakayenisalimia tena?