Kata Ina Kidole

Mimi niliishia darasa la nne, lakini mtu akitaja mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hapa Moshi mjini, atautaja mgahawa wangu. Nilianza kwa kuosha vyombo vya watu. Leo vyangu wanaosha wengine. Kaka yangu, mwalimu mstaafu, hajawahi kunisamehe hilo.

Mama yetu kule Marangu alikuwa na kata yake ya kibuyu, ya kupimia supu ya mtori. Binti wa kaka alipokaribia kuolewa, mama akatangaza kwamba atakayepika mtori mzuri wa sendofu, sherehe ya kumuaga binti, kata ni yake. Nikajua imeshakuwa yangu.

Asubuhi ya sherehe kaka akaja jikoni na jagi lenye mistari ya lita. Alikuwa ameijaza ile kata maji mpaka mdomoni, akayamimina kwenye jagi, akaandika kwenye daftari kata moja ni lita ngapi. Wapishi wangu niliopanda nao kutoka mjini wote wanasikia, akaniambia, "Wewe koroga, hesabu niachie mimi. Lita ni lita."

Nikakoroga. Supu aliyomimina niliiona imezidi, maana nimekua nikimwangalia mama akipima. Nikafunga mdomo. Mtu keshakuvua nguo mbele ya wapishi wako, unamwokoa wa nini?

Wakwe walipochota, vijiko vikachuruzika. Mzee mmoja akamuuliza kaka taratibu, "Mwalimu, huu ndio mtori, au ni maji mliyooshea ndizi?" Meza nzima ikacheka. Sitasema uongo, nilifurahi.

Kaka akaenda na daftari kwa mama, kulalamika kwamba vipimo ni vya mama mwenyewe. Mama akaitwaa kata, akaishika kama alivyoishika siku zote, kidole gumba ndani.

"Kata yangu ina kidole," akasema. "Supu ya moto, nani anajaza mpaka aungue? Wewe umepima na maji baridi."

Kisha akanigeukia. "Na wewe ulijua."

"Nilijua, mama."

"Kwa hiyo umempikia mjukuu wangu maji kwa makusudi."

Kata akampa bibi harusi palepale, ikaenda ukweni.

Kaka na mimi hatusalimiani, na salamu yake siihitaji. Mtori wangu bado hauna mpinzani. Napima kwa bakuli la bati, kidole gumba ndani. Bati si kibuyu, linashika moto. Kila siku naungua.