Mpiga Gitaa wa Ihumwa

Kila Jumapili baada ya ibada anakuja kwetu Ipagala mama mmoja wa Ihumwa, na mimi nikisikia tu geti linafunguliwa, moyo unaingia giza. Hajanikosea kitu. Ananiletea karanga, ananijulia hali, ananiita mwanangu. Tatizo ni kwamba akishaketi, mama yangu anageuka mtu mwingine kabisa.

Miaka ya sitini hawa wawili walikuwa kwenye bendi ya roki, bendi ya wanawake watupu. Wasichana watano na magitaa ya kuazima. Muulize mzee yeyote wa Dodoma leo, atakwambia hajawahi kuisikia, maana hawakurekodi hata wimbo mmoja. Huyu wa Ihumwa alipiga gitaa la solo. Mama alipiga ngoma, na kwa kuwa dramu hawakuwa nazo, alibeba ngoma ya kwao Mlali, akaibana katikati ya mapaja jinsi wanawake wa Kigogo wanavyopiga muheme. Watu walikuja kushangaa, wakaishia kucheza.

Yote haya nimeyasikia kwa mgeni. Mimi, mwanawe wa pekee, mama hajawahi kunisimulia. Nilipokuwa mdogo nikigonga sufuria aliniambia niache kelele.

Jumapili iliyopita nilichinja jogoo. Tangu baba afariki, firigisi mama huila mwenyewe, wala hakuna anayemwuliza. Siku hiyo nilimwona akiichomoa kwenye mchuzi na kuiweka kwenye sahani ya mgeni. Roho iliniuma, sisemi uongo. Nakaribia miaka sitini, nina wajukuu, halafu naona wivu kwa kipande cha nyama.

Walipomaliza kula, mama akageuza ndoo ya plastiki, akaibana kwa magoti yale yale anayonililia kila asubuhi kuwa yanamuuma, akaanza kupiga. Mwenzake hakuwa na gitaa, hivyo alikuwa analiimba kwa mdomo huku vidole vikitembea hewani. Wakikosea wanacheka. Mama alicheka mpaka kitenge kikamteleza begani, na mimi nimesimama mlangoni na sahani chafu mkononi, hakuna aliyeniambia hata nikae.

Lakini nilikuwa na changu. Shangazi aliwahi kuniambia kwamba mama aliacha bendi kwa sababu yangu: alijifungua, akaacha, akalea. Hilo nimelitunza tangu usichana wangu. Kila wakianza mambo yao, najisemea moyoni, cheka tu mama, siku ya kuchagua ulinichagua mimi. Jumapili ile nikaona isiwe siri. Nilitaka mgeni asikie kwa masikio yake.

Nikaweka sahani chini. Nikasema, "Mama, bendi si uliiacha uliponizaa mimi?"

Mama akasimamisha mikono. Swali halikumsumbua hata kidogo, alijibu kama mtu aliyeulizwa bei ya nyanya.

"Hapana, mwanangu. Wewe nilikuacha Mlali kwa bibi yako, hata meno hujaota. Sisi tukaenda kupiga Tabora, tukaenda Mwanza. Ulipoanza kutembea mimi sikuwepo."

Nikamwuliza, sasa aliacha kwa nini.

Akamnyooshea mwenzake kidole. "Huyu aliolewa. Ningepiga na nani?"

Mgeni aliinamisha uso. Nadhani alinionea huruma, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Akasema wakati huo walikuwa watoto tu, akili bado, nisiyatie moyoni. Nikamwangalia mama, nikitegemea na yeye aseme hivyo. Mama alikuwa ameshaiinamia ndoo, mikono juu, anamsubiri mwenzake aingie.