Mafuta ya Arobaini

Juzi, kwa fundi wa pikipiki huko Makiso, niliona bidoni, dumu la mafuta ya injini, limeandikwa 15W-40, na harufu yake ikanirudisha kwenye mchana ule wa utotoni papa, baba yangu, alipolala akitetemeka.

Papa aliendesha mashua ya moteri mtoni hadi Isangi. Mama alikuwa ameshafariki, tulibaki wawili. Muuguzi jirani alimpima homa, akasema, "Iko arobaini," akaenda kutafuta dawa. Nilibaki nikisikiliza meno ya papa yakigongana.

Kwenye kona palikuwa na bidoni lake la mafuta ya injini, nalo limeandikwa 40. Papa alizoea kusema, "Hii ndiyo inalinda moteri wakati inapata moto." Basi nikajua dawa ninayo. Nilimimina kidogo kwenye kifuniko, nikampaka polepole kwenye paji la uso.

Alifungua jicho moja. "Mutoto yangu, mi siko moteri." Akacheka hadi akakohoa, kisha akanishika mkono, asiuachie mpaka muuguzi aliporudi.

Shule niliiacha mapema; haya nimefundishwa na mafundi wa miji niliyopita. Arobaini ya mafuta si kipimo cha joto. Mafuta hupashwa moto, kisha hutazamwa yanachukua muda gani kupita kwenye tundu jembamba: yaliyobaki mazito hupewa namba kubwa. Namba iliyo kabla ya W ni ya baridi kali, ambayo sijawahi kuiona.

Jana homa ilinipata kwenye chumba cha kupanga. Nililala nikitamani mtu asiyejua lolote kuhusu mafuta aingie, kifuniko mkononi.