Unga wa Kutu Kwenye Tanuri la Majiko

Siku ile tulikuwa wanne uani, Mbagala: mama mfinyanzi wa majiko, ambaye tanuri lilikuwa lake; mkwewe, ambaye ni fundi viatu; mdogo wangu wa kike anayesoma chuo; na mimi, niliyemlea tangu wazazi wetu walipofariki nikiwa kidato cha pili. Sikurudi shule tena.

Mdogo wangu alikuja na chungu kidogo chenye kifuniko. Ndani mlikuwa na unga wa kutu alioutengeneza kwa chumvi ya chuma na maji ya majani ya mpera. Ukichomwa sawasawa, ungesafisha maji ya rangi yanayomwagwa mtaroni na watia batiki. Tanuri la maabara yao lilikuwa limeharibika, na kazi yake ilikuwa ikaguliwe wiki ile ile. Mama mfinyanzi akampa nafasi katikati ya majiko yake, bure.

"Msomi, leo unatupikia kutu?" fundi viatu alimtania. "Chumvi imekolea?"

"Kaka, wewe shona viatu. Hii mboga yangu ya kufaulia."

Kisha akanieleza mimi, taratibu. Chembe za unga ule hazionekani kwa macho, na nguvu yake yote iko kwenye udogo huo. Moto ukiwa mdogo, mabaki ya majani hayaungui. Moto ukizidi, chembe zinashikana, zinakuwa kubwa, na sehemu ya kunasia uchafu inapungua.

"Dada, ukiona ndani kunaanza tu kuwa kwekundu, hesabu nusu saa, kivute chungu kwa kulabu. Usingoje kung'ae."

Akaenda kuchota maji ya batiki. Mama akaingia ndani kuswali. Fundi alishaitwa na mteja barazani.

Wekundu ulipoanza, kulabu nilikuwa nayo mkononi. Sikuvuta. Mie najua majiko: lisiloiva huyeyuka kwa mvua ya kwanza. Nikasema kitu cha mtihani wa mdogo wangu hakitatoka kibichi mikononi mwangu. Kuni zilikuwa zimekwisha, ila pembeni kulikuwa na gunia la soli kuukuu za fundi. Nikazitupia motoni zote.

Soli zile zilikuwa bado na jasho la miguu ya watu. Zilitoa povu, zikachuruzika kama makamasi, moshi mzito ukaninata kwenye ulimi. Nilitapika kando ya tanuri, nikajifuta kwa kanga, nikaendelea kuchochea. Hilo ndilo linalonichefua hadi leo, kwamba niliendelea.

Kifuniko cha chungu kilipasuka. Unga uliokuwa na wekundu wa tofali ulitoka zambarau iliyofifia, umegandamana mabonge, juu una utando mweusi. Mdogo wangu aliporudi aliusaga, akautia kwenye chupa ya maji ya bluu, akatikisa, akangoja. Maji yalibaki bluu. Kwenye chupa ya pili ya maji yale yale alikuwa ametia kijiko cha unga alioubakiza, uliochomwa maabara kabla tanuri halijaharibika. Humo maji yalikuwa karibu meupe.

"Nilikwambia uvute, dada."

"Nilitaka uive."

"Uliiva. Ukaupika tena."

Hakupaza sauti. Heri angepaza.

Majiko thelathini yalikuwa yametapakaa masizi yenye mafuta. Mama mfinyanzi aliwasha moja, akachemsha chai, akaonja na kuitema.

"Mwanangu, hili nani atalipikia ugali? Labda mkwe wangu, yeye harufu ya viatu ameizoea."

Mkwewe peke yake ndiye aliyecheka. Niliyasugua kwa majivu hadi jioni. Weusi ukaingia kwenye kucha, na kwa siku nyingi kila tonge nililopeleka mdomoni lilinuka soli. Nilikula hivyo hivyo, huku nikijionea kinyaa.

Mdogo wangu alisogezewa ukaguzi hadi tanuri lao lilipotengenezwa. Alianza upya, kuanzia kuchuma majani.

Mimi kila Jumapili nakwenda kwa yule mama kufinyanga majiko ya kufidia yale niliyoyaharibu. Sasa nachochea pale anaponiambia, naacha anaponiambia niache. Nimemrudishia majiko kumi na tisa. Yamebaki kumi na moja, pamoja na chungu kidogo chenye kifuniko, ambacho mdogo wangu hajawahi kukidai.