Gari Lisilokunywa

Havugimana aliwachosha watu wa Murara kwa kulisifu gari lake la kifahari: eti halinywi, mafuta anaweka mara moja kwa mwezi! Ndiyo maana akapewa kazi ya kubeba bibi harusi. Asubuhi ile, gari likiwa limepambwa kwa maua, aliona haya kusimama kwa Mama Munezero, muuza mafuta wa barabarani kule Majengo. Lakini msafara wa harusi ulitambaa juu ya mawe ya volkano, na gari likazimika mbele ya meza ya mama huyo.

"Ni betri," akasema Havugimana, jasho likimtoka.

Mama Munezero akaja mbio na bidoni la mafuta. "Papa, kila asubuhi unachukuaka lita kumi! Leo umenipita kwa nini?"

"Kila asubuhi?" akauliza bibi harusi, akikusanya gauni lake apande pikipiki.